Kipofu Aliyemo Katika Juzuu ya Amma

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyeumba viumbe vyake kwa sura mbalimbali wala hakuumba hata kimoja kwa mchezo. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote. Amma baad.



Mara hii tumekusudia kusema juu ya jambo ambalo wengi huliona dogo, nalo ni vitabu vya watoto. Khasa vile vinavyowapa watoto habari za mwenzao asiyeona, au asiyesikia, au asiyeweza kutembea, au aliye mzito wa kujifunza. Huenda mtu akauliza: masheikh wana nini na vitabu vya hadithi za watoto? Twamjibu kwamba kitabu cha kwanza anachokishika mtoto wetu mkononi ni Juzuu ya Amma, na ndani ya juzuu hiyo kimo kisa cha kipofu. Mtoto hukisoma kisa hicho kwa ulimi wake kabla hajajua kuandika jina lake. Walakini muulize kimesema nini, hajui. Na aghalabu hata baba yake hajui. Hapo ndipo lilipo tatizo letu, wala halipo mbali.

Kisa chenyewe ni hiki. Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa Makka akizungumza na wakubwa wa Kikureshi, akitaraji wasilimu, kwani kusilimu kwa mkubwa mmoja huvuta nyuma yake watu wengi. Wakati huo akaja Abdallah bin Ummi Maktum, naye haoni, akaomba afundishwe katika yale ambayo Mwenyezi Mungu amemfundisha Mtume wake. Mtume akaona uzito wa kukatizwa mazungumzo, akakunja uso, akageuka upande wa pili. Ikateremka sura nzima, nayo ni sura ya 80, yenye aya 42, iliyoitwa kwa jina la kitendo kile kile cha kukunja uso. Mola alimwonya kipenzi chake, akamfahamisha kwamba yule aliyekuja mbio kutafuta elimu, hali anamcha Mungu, ana haki zaidi ya kusikilizwa kuliko yule ajionaye kuwa hana haja na mtu. Na Mtume (S.A.W.) hakuyaficha maonyo hayo, aliyasoma mbele ya watu, yakahifadhiwa, yakatufikia sisi na wana wetu. Wanavyuoni wamesema kuwa hiyo ni dalili kubwa ya ukweli na uaminifu wake.

Katika kisa hiki mna mambo matatu ambayo kila mtoto wa Kiislamu angepaswa kuyajua.

La kwanza, Ibn Ummi Maktum hakuja kuomba sadaka, wala hakuja kuombewa dua apate kuona. Alikuja kusoma. Sisi tumezoea kumwona asiyeona mlangoni mwa msikiti siku ya Ijumaa mkono wake uko wazi, hata imekuwa akilini mwetu hana haja nyingine illa senti. Kurani inatuonyesha kipofu ambaye haja yake ni elimu.

La pili, yeye hakuuona ule uso uliokunjwa. Lau jambo lingaliachwa, asingalijua kamwe. Basi kwa nini Mwenyezi Mungu akalitaja? Ni kwa kuwa heshima ya mja haipunguki kwa kuwa yeye hatambui kwamba amevunjiwa heshima. Sikilizeni hapo, enyi mnaomsengenya kiziwi mbele yake mkisema kwamba hasikii, na enyi mnaomkebehi aliye mzito wa akili mkisema kwamba hafahamu. Yeye huenda hasikii wala hafahamu. Walakini yuko asikiaye na ajuaye.

La tatu, mwisho wa kisa hakufunguliwa macho. Aliishi hali haoni, lakini hakukosa mahali katika mji. Mtume (S.A.W.) alimkabidhi uangalizi wa Madina zaidi ya mara moja alipokuwa safarini. Akamfanya mwadhini wake pamoja na Bilal. Na imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba katika mwezi wa Ramadhani watu walikuwa wakila baada ya adhana ya Bilal mpaka waisikie ya Ibn Ummi Maktum. Na alfajiri huitazama nani? Huitazama mwenye macho. Basi yeye alikuwa haadhini mpaka wenzake wamwambie kuwa asubuhi imeingia. Tazameni hekima hiyo! Hawakusema: huyu haoni, hafai kuadhini alfajiri. Walimpa kazi, na lile moja asiloliweza wakamsaidia wao, na mji mzima ukashika saumu kwa sauti yake.

Haya, turudi kwetu. Mtoto wa Majoreni amehifadhi sura hiyo barabara, na akitoka chuoni njiani humwiga mwenzake anavyochechemea, na wenzake wote wakacheka. Je, ni mtoto mbaya? Hasha. Ni mtoto ambaye amefundishwa matamko akanyimwa maana. Marehemu Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1947, alianzisha gazeti lake la Sahifa mwaka 1930 na al-Islah mwaka 1932 kwa sababu hiyo hiyo, yaani watu wa pwani wapate kuifahamu dini yao kwa lugha yao. Na Sheikh Abdallah Saleh Farsy akatutolea tafsiri yake ya Kurani kwa Kiswahili, iliyopigwa chapa mwaka 1969. Basi kama wazee hao walitutengenezea njia, kwa nini mtoto afike Surat 'Abasa aivuke kama mtu avukaye mto usiku?

Na tuangalie pia maneno ya vinywa vyetu, kwani mtoto husoma kinywa cha mzee wake kabla hajasoma kitabu. Lugha yetu ina maneno kipofu, kiziwi, kiwete, kibiongo, kibogoyo; yote yameanza kwa ki-, kama kiti na kisu. Walakini lugha yenyewe ina adabu kutushinda sisi: hakuna Mswahili asemaye kwamba kipofu kimekuja, sote twasema kipofu amekuja. Neno limetaja kasoro, kitendo kikamrudishia mtu utu wake. Tena wanavyuoni wetu wamepambanua baina ya kumtambulisha mtu na kumdharau. Katika wapokezi wakubwa wa hadithi yumo al-A'raj, maana yake mwenye kuchechemea, na yumo al-A'mash, maana yake mwenye macho dhaifu; watu waliwataja kwa majina hayo kwa kuwa ndiyo waliyojulikana kwayo, huku wakiwainamia kwa elimu yao. Amma kumwita mtoto taahira, au zuzu, au zeruzeru, kwa kumcheka, hilo limekatazwa na Mwenyezi Mungu katika Surat al-Hujurat, pale alipoharamisha kudharauliana na kuitana kwa majina ya kuudhi. Na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 54, imempa mtu mwenye ulemavu haki ya kuitwa na kutajwa kwa namna isiyomdhalilisha. Ni aibu kwetu kwamba jambo lililo katika Kitabu chetu kwa karne kumi na nne tuje kulijua kwa kuambiwa na serikali.

Wazee wetu walisema, hujafa hujaumbika. Neno hilo ni zito kuliko tunavyolitumia. Mtu hudhani kwamba ulemavu ni wa watu wa mbali, mpaka siku aangukayo mnazini, au pumzi ya uzee inapomzimia taa za macho. Hesabu ya watu iliyofanywa Kenya mwaka 2019 ilionyesha kwamba wenye ulemavu, katika waliotimia miaka mitano na kuendelea, ni asilimia 2.2 tu, ilhali Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2022 kwamba ulimwenguni ni kama asilimia 16, yaani mtu mmoja katika kila sita. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo yatokana na namna ya kuuliza maswali. Lakini kila mmoja wetu ajiulize nafsini mwake: karani wa hesabu alipobisha hodi, je, watoto wote wa nyumba walitajwa, au yuko mmoja aliyekuwa chumba cha ndani?

Kwani wako wanaofichwa. Wengine hufichwa kwa haya, wengine kwa mapenzi ya kuogopa asije akachekwa, na wengine kwa itikadi mbovu kwamba mtoto amebadilishwa na shetani, au kwamba wazee wake walitenda dhambi wakaadhibiwa kwake. Fedha zikapelekwa kwa mganga, na kuku na mbuzi wakachinjwa, na miaka ya kusoma ikapita. Itikadi hii haina asili katika dini. Mwenyezi Mungu amesema wazi kwamba hakuna nafsi inayobebeshwa mzigo wa nafsi nyingine. Vipi basi mtoto mchanga abebeshwe dhambi za babaye?

Sasa tuje kwenye vitabu. Mtoto hujifunza mambo mengi kwa hadithi, wala si ajabu, kwani Mwenyezi Mungu mwenyewe ametufundisha kwa visa. Lakini si kila hadithi yafaa. Katika ngano nyingi tulizosimuliwa, chongo ni mjanja mwovu, kibiongo ni mchawi, na kipofu ni wa kudanganywa ili watu wacheke. Na katika vitabu vingine vya siku hizi, vyenye picha nzuri, mna makosa ya namna nyingine. Kwa hivyo twawapa wazazi na walimu mizani ya mambo matatu, nayo tumeitoa katika kisa kile kile cha Ibn Ummi Maktum.

Kwanza, tazama kama kitabu kinasema au kinadokeza kwamba ulemavu ni adhabu. Kikisema hivyo, kiweke kando.

Pili, tazama mtoto mwenye ulemavu anafanya nini ndani ya hadithi. Kama kazi yake ni kulia na kusaidiwa tu ili mwenzake aonekane ana moyo mwema, hicho ni kitabu cha huyo mwenzake, si chake. Kitabu chema humpa jina, na mchezo, na swali la kuuliza, na hata utundu na makosa kama mtoto yeyote.

Tatu, tazama mwisho wake. Kama hakubaliwi na wenzake mpaka apone kwa muujiza, au mpaka aokoe kijiji kizima, basi mafunzo yake ni kwamba asiyepona na asiye shujaa hana haki ya kupendwa. Ibn Ummi Maktum alikuwa na haki ya kusikilizwa tangu mlangoni, kabla hajafanya lolote.

Vitabu vya kufaa vipo. Taha Hussein wa Misri, aliyezaliwa mwaka 1889, alipata maradhi ya macho udogoni, akaitiwa kinyozi kumtibu badala ya tabibu, akapofuka. Akahifadhi Kurani katika chuo cha kijijini kwao, akasoma Azhar, na mwaka 1950 akawa Waziri wa Elimu wa nchi yake. Yako maoni yake ambayo wanavyuoni waliyapinga, nasi hatuyatetei. Lakini kitabu chake al-Ayyam, kilichotoka mwaka 1929, kinaeleza utoto wa kipofu chuoni kuliko vitabu vingi, na kila mwalimu wa chuo angefaidika nacho. Kwa vijana wakubwa kiko kitabu cha Kiingereza cha Ben Hanson kiitwacho Takadini, cha mwaka 1997, ambacho kimesomwa sana katika shule za sekondari za Tanzania. Ni habari ya mama aliyekimbia na mwanawe mwenye ualbino ili asiuawe. Katika nchi ambayo watu wenye ualbino wamewindwa kwa ajili ya ushirikina, hicho si kitabu cha kupitisha wakati. Na kwa wadogo, mradi wa African Storybook hutoa bure hadithi fupi zenye picha kwa Kiswahili na lugha nyingine za Afrika. Na eKitabu ya Nairobi imetengeneza hadithi kwa video katika Lugha ya Ishara ya Kenya, ili mtoto kiziwi azione hadithi kwa lugha yake. Chagueni humo kwa mizani tuliyoitaja.

Yuko pia mtoto ambaye ulemavu wake hauonekani, na huyo ndiye anayepigwa zaidi. Ana macho mazima, ni mwerevu wa maneno, ukimtuma dukani halisahau hata moja. Walakini herufi humchanganya. Be ina nukta moja chini, te ina mbili juu, the ina tatu juu. Kwa wenzake hayo ni mepesi, kwake yeye nukta hazitulii. Mwalimu hudhani ni mvivu, akachukua bakora. Mwaka 1896 tabibu wa Kiingereza, W. Pringle Morgan, aliandika habari za mvulana wa miaka 14, hodari katika mengine yote, asiyeweza kusoma. Hali hiyo huitwa disleksia, nayo si uvivu wala si upungufu wa akili. Ni namna nyingine ya ubongo kushughulikia herufi, na mtoto husaidiwa kwa kufundishwa polepole, sauti baada ya sauti, kwa kusikia na kushika na kuandika kwa kidole mchangani. Na sisi Waislamu tulikuwa na zaidi ya hayo. Imepokewa kutoka kwa Bibi Aisha (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alisema kuwa asomaye Kurani kwa kukwama na kwa taabu ana ujira mara mbili. Basi, ewe mwalimu, unampiga kwa kosa gani mtoto ambaye Mola wake anamwandikia thawabu mbili kwa kila herufi inayomtoa jasho?

Tunajua yatakayosemwa. Wako watakaosema kwamba hadithi za kutungwa ni uongo, na chuo si mahali pake. Twawajibu: mfano si uongo ikiwa msikilizaji ajua kwamba ni mfano, na hatukusema kitabu cha hadithi kiwekwe mahali pa Kurani, bali kiwekwe baada yake, kwenye saa ambayo sasa hupotea kwa mchezo na simu.

Wako watakaosema kwamba mtoto aliyepungukiwa na akili kalamu imeondolewa kwake, hana sala wala saumu, basi ana haja gani na chuo? Twawajibu kwamba kuondolewa wajibu si kuondolewa haki. Kalamu imeondolewa isimwandikie dhambi, haikuondolewa ili sisi tumfungie mlango. Akiweza kujua Bismillahi tu akala nayo chakula chake, hiyo ni sehemu yake katika dini, na nani mwenye amri ya kumnyima?

Na wako watakaosema kwamba sisi ni masikini. Ni kweli. Lakini tuangalie jirani zetu. Jeshi la Wokovu lilianza Shule ya Wasioona ya Thika mwaka 1946, na hapa pwani jina lake liko pia katika Shule ya Wasioona ya Likoni. Hatusemi hayo kwa husuda. Wamefanya wema, na Mungu hapotezi wema. Twayasema ili tuone haya. Mtoto wetu akipelekwa huko hujifunza kusoma kwa vidole maandishi ya nukta ya Louis Braille, ambayo Mfaransa huyo, kipofu tangu utotoni, aliyatangaza mwaka 1829. Na mtoto wetu kiziwi hujifunza ishara katika shule ya viziwi iliyopo Kwale. Akirudi nyumbani wakati wa likizo, nani katika msikiti wetu awezaye kumfahamisha kwa ishara maana ya Alhamdu? Anasimama safuni, anainama watu wanapoinama, na hajui wanasema nini. Huyo amezaliwa baina yetu, na habari za Mola wake hazijamfikia kwa lugha aijuayo.

Basi darasa letu lawaomba ndugu mambo manne, na yote yako katika uwezo wetu. La kwanza, kila mwalimu wa chuo, mtoto afikapo Surat 'Abasa, asimvushe mpaka amsimulie kisa chake kwa Kiswahili au kwa Kidigo, na amwambie arudi nyumbani awasimulie wazee wake. La pili, kila chuo kiwe na sanduku moja la vitabu vya watoto vilivyopimwa kwa mizani tuliyoitaja. Na anayehitaji nakala ya maandishi ya nukta ajue kwamba Kenya ilijiunga mwaka 2017 na Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, unaoruhusu vitabu kugeuzwa kwa ajili ya wasioona bila ya kizuizi cha haki ya mwandishi. La tatu, vijana wawili au watatu katika kila msikiti wajifunze lugha ya ishara, na hiyo ni daawa. La nne, ndilo kubwa: mzazi mwenye mtoto aliye chumba cha ndani amlete. Akichekwa siku ya kwanza, lawama ni yetu sisi wenye chuo, si yake. Na asipoletwa, sanduku la vitabu halitafaa kitu, kwani haifai kuwafundisha watoto kumpenda mwenzao katika picha, naye mwenyewe yuko nyuma ya pazia, anasikia kengele ya baiskeli za wenziwe wakipita kwenda kusoma.

Ewe mzazi, jua kwamba 'Ata bin Abi Rabah, mufti wa Makka katika zama za Tabiina, alisimuliwa kuwa alikuwa na chongo, na kiwete, na mkono uliopooza, kisha mwisho akapofuka; na katika siku za Hija ilinadiwa kwamba asitoe fatwa kwa watu mtu mwingine illa yeye. Alikuwa na mama aliyemzaa, na mwalimu aliyemfungulia mlango. Hatusemi kwamba mtoto wako atakuwa 'Ata. Huenda asihifadhi hata sura moja. Twasema kwamba mlango ni wake vile vile.

Ewe Mola wetu, tusamehe kwa kila uso tulioukunja, aliouona mwenyewe na asiouona. Wajaalie watoto wetu wazifahamu aya wanazozisoma, uwape subira wazazi wao na upole walimu wao, wala usitujaalie kuwa katika wale wanaokipamba Kitabu chako kwa sauti wakakiacha kwa vitendo. Amin.

Wabillahi tawfiq.